Nimepewa kusimamia mpango wa kuzuia vijana wasiingie kwenye uhalifu, naombeni ushauri

Afisa_Ustawi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimekabidhiwa mpango wa watoto waliokinzana na sheria pamoja na wale tunaotaka wasifike huko. Kundi la kwanza njia yake naijua: mahakama inaleta mtoto, naandika taarifa ya uchunguzi wa jamii, nakaa na familia. Kinachoninyima usingizi ni hawa wa pili. Wakubwa wanataka kila mtendaji wa mtaa aorodheshe vijana wa vijiweni, majina yaende polisi, kisha wapelekwe gerezani siku moja wakaone wafungwa wanavyoishi. Tangu enzi za Panya Road, yale makundi ya vijana waliokuwa wakipora watu Dar es Salaam, watu wana hofu na naielewa. Ila wengi wa hawa kosa lao ni kuacha shule tu. Nawaambiaje wakubwa bila kugombana nao?

Mstaafu_Tanga:
Mwanangu, orodha usiikubali. Siku simu ikiporwa, doria itaanza na majina uliyoandika wewe. Mtoto asiye na kosa atalala kituoni, na mama yake hatakufungulia mlango tena. Andika dokezo, usimlaumu mtu, weka mbele Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu cha 119 kinasema mtoto hahukumiwi kifungo. Sasa ambaye hata hakimu hawezi kumfunga, sisi tunampeleka gerezani kwa lipi?

Kibandani:
Mimi ni wakala wa miamala, nimevamiwa kwa mapanga na vijana wa rika hilo. Mnasema mtoto, mtoto. Sisi tulioumizwa nani amekuja kutuuliza hali? Sitaki afungwe. Nataka aje anitazame usoni, ajue mwanangu alikosa ada muhula ule.

Afisa_Ustawi:
Pole sana ndugu yangu. Hilo kwenye mpango halimo kabisa, na lilipaswa kuwemo.

Bin_Likoni:
Dada, alichosema Kibandani huku Kenya kimo kwenye sheria. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe kwenye mkondo wa mahakama kwa masharti, mojawapo kuomba radhi au kumfidia aliyeumizwa. Umri wa kuwajibika kwa jinai nao umepanda kutoka miaka 8 hadi 12.

Kuhusu gereza, waeleze wakubwa wako yaliyotokea Marekani. Miaka ya 1970 gereza moja la New Jersey liliwaita vijana wafokewe na wafungwa wa maisha ili waogope. Majaribio ya aina hiyo yalipopimwa, waliopelekwa walirudia makosa zaidi ya wenzao walioachwa nyumbani. Ukimweka aliyeacha shule basi moja na aliyekwisha kupora, unawajulisha wewe mwenyewe.

Mstaafu_Tanga:
Hapo kwenye basi ndipo penyewe. Tenganisha makundi. Hawa wa kuzuia wasiitwe kwa majina: fungua mafunzo ya ufundi na mpira kwa kijana yeyote wa mtaa, hata wa mwalimu aje. Wa mahakamani uwashughulikie mmoja mmoja, faili likiwa siri.

Afisa_Ustawi:
Asanteni sana. Dokezo naliandika usiku huu, orodha naikataa, safari ya gerezani naipinga kwa kifungu hicho cha 119, na nitaomba fungu la mafundi badala ya basi. Kibandani, ukiridhia, ningependa kusikia kwako jinsi kikao cha mtoto na aliyeumizwa kinavyotakiwa kuendeshwa. Nani akae hapo, na kifanyike wapi?

Kibandani:
Kisifanyike kituoni. Na mzazi wake awepo.