Ulinganisho: Roma, Athens au Andalusia? Tuko sita, mwezi wa saba, bi mkubwa ana magoti

Mwana_Chumbageni
Wakuu, salaam. Tunatoka Dar mwezi wa saba, siku kumi na mbili: mimi, mama watoto, bi mkubwa (68, magoti yanamsumbua ila ulimi uko salama) na watoto wa miaka 14, 11 na 7. Watoto wanataka Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma. Bi mkubwa anataka kuuona msikiti wa Cordoba, huko Andalusia kusini mwa Hispania, kabla hajafa, maneno yake hayo. Mama watoto anasema popote penye kiyoyozi. Athens nimeiweka mimi kwa sababu nauli niliyoiona ilikuwa nzuri. Sitaki kukimbizana na mabegi kila siku. Aliyefika atiririke.

Kibonge_wa_Termini
Mkuu, niko Italia mwaka wa nane, kwa hiyo nipunguzie maksi za upendeleo. Kwa watoto, Roma haina mpinzani. Chini ya miaka 18 hawalipi Colosseum, Pantheon (lile hekalu la kale) wala Pompeii (mji wa kale uliofukiwa na volkano), hata kama si raia wa Ulaya. Ila tiketi zao za bure unazichukua pamoja na zako, na Colosseum inakwenda kwa saa maalumu, usije ukasimama mlangoni ukasema "wangu wadogo". Vatican ni nchi nyingine na ina kaunta yake, huko jipange.

Joto lipo, lakini mji umejaa mabomba ya chuma ya mtaani, wenyewe wanayaita nasoni, yanamwaga maji baridi mchana kutwa bila senti. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka kupitia kitundu cha juu na mtoto anakunywa bila kuinama. Wangu waliniweka kwenye bomba moja dakika ishirini, Pantheon iko hatua mbili tu pale.

Tatizo ni bi mkubwa. Mitaa ya zamani imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, vingine vimelegea. Magoti yatalalamika. Colosseum ina lifti, lakini magofu ya Forum pale jirani ni kupanda na kushuka kwenye mawe.

BintiMuscat
Naomba nimtetee bi mkubwa. Nilikwenda Andalusia na wazazi wangu, baba yangu anatembea na mkwaju.

Cordoba kwanza. Ule msikiti ulianzwa na Abd al-Rahman wa Kwanza karne ya 8, una nguzo 856, na nyingi zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, yaliyokuwa yameanguka. Zilikuwa fupi kwa paa walilolitaka, ndiyo maana utaona tao juu ya tao, nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe, hadi macho yanapotea. Mwanangu alianza kuzihesabu akachoka kwenye sitini na kitu. Ndani ni sakafu tambarare na kivuli, goti halina kesi.

Lakini mwandae bi mkubwa mapema: leo ni kanisa kuu, katikati wamepandisha kanisa zima tangu karne ya 16, na Mwislamu haruhusiwi kuswali mle. Walinzi wanaangalia. Mama yangu alisimama mbele ya mihrabu, akakunja mikono kwa mazoea tu, mlinzi akasogea pale pale. Alitoka analia. Kama hujamwambia kabla, utakuwa umemfanyia ubaya.

Dawa yake iko Granada. Mtaa wa Albaicín kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra, ngome na majumba ya wafalme wa Kiislamu wa Granada, ng'ambo ya bonde. Pale aliswali, akakaa, akanywa maji, akasamehe. Ila kule ni mlimani, mpandisheni kwa teksi.

Tiketi za Alhambra nunua mapema sana, zinaisha wiki kadhaa kabla. Zina majina, beba pasi za wote. Saa iliyoandikwa ya kuingia majumba ya Wanasri, ukoo wa wafalme hao, ndiyo hiyo hiyo, ukichelewa limepita. Wa miaka 11 na 7 hawalipi lakini nao lazima wawe na tiketi zao. Usinunue kwa madalali wa mtandaoni, tovuti moja ilituuzia "Alhambra" tukakuta ni bustani tu.

Fundi_Saa
Binti kaeleza vizuri ila kaficha joto 😀

Sisi wa pwani tunajidanganya kwamba joto tunalijua. Mwezi wa saba Dar watu wanavaa sweta asubuhi. Cordoba na Sevilla mwezi huo nyuzi 40 ni habari ya kawaida. Na si joto letu la jasho. Ni kavu, midomo inapasuka, hutoki jasho la kuonekana, unadhani uko salama kumbe maji yanakuishia. Saa nane mchana mtaani hakuna mtu, wenyeji wamefunga madirisha. Wewe na watoto watatu mtakuwa peke yenu na njiwa.

Athens nimefika. Acropolis, ule mlima wa magofu, nenda inapofunguliwa saa mbili asubuhi, maana kwenye mawimbi ya joto ya miaka ya karibuni wamekuwa wakiifunga kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni. Marumaru ya juu imekuwa laini kama sabuni. Jumba la makumbusho la chini ndilo lilinipendeza kuliko mlima wenyewe: kiyoyozi, sakafu ya kioo unaona nyumba za kale chini ya miguu, na ghorofa ya juu wamepanga sanamu za Parthenon, lile hekalu la juu mlimani. Zile asilia zina rangi ya asali, na mahali pa zile zilizoko London wameweka nakala za plasta nyeupe. Mtoto wa miaka saba anaona mwenyewe nini kimeondoka. Lakini siku tatu zinatosha, na ni mbali na vyote anavyovitaka bi mkubwa.

BintiMuscat
Sijaficha! Ratiba unaipindua tu. Granada iko juu, usiku kuna upepo. Jua linazama saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo toka asubuhi, lala mchana kama wao, toka tena jioni. Watoto wakila saa nne usiku hakuna atakayewashangaa. Isha tu ndiyo itamsumbua bi mkubwa, inaingia baada ya saa tano.

Mzee_wa_Husuni
Watoto waambieni kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa kwetu 1331, akaja kufika Granada kama miaka ishirini baadaye. Ua wa Simba wa Alhambra hakuukuta, ulijengwa baada yake. Mkitoka huko wapelekeni Kilwa Kisiwani wakaone Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani, hiyo haihitaji viza.

Viza_Sio_Mchezo
Kwa kuwa mzee kataja viza. Ada ya viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza Italia, Hispania na Ugiriki, ni euro 90 kuanzia miaka 12, na 45 kwa wa miaka 6 hadi 11. Ninyi sita: 360 jumlisha 90, euro 450, bado ya kituo cha kupokea maombi. Wakikunyima hairudi. Bima isiyopungua euro 30,000 kwa kila kichwa. Ukichanganya nchi, unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi, zikilingana basi ile utakayoingia kwanza. Mlango unafunguliwa miezi sita kabla ya safari, usingoje mwezi wa sita.

Kibonge_wa_Termini
Basi gawa: Roma siku nne, ndege hadi Malaga au Sevilla, zilizobaki Hispania. Ombeni kwa Wahispania. Pompeii iacheni, mwezi wa saba haina kivuli na bi mkubwa hataiweza.

BintiMuscat
Nakazia. Na mkipita Sevilla, mnara wa Giralda ulikuwa wa msikiti. Ndani hauna ngazi, ni mapito 35 ya mteremko mpole, wanasema mwadhini alikuwa anapanda juu ya mnyama. Baba yangu alifika juu na mkwaju wake, anapumzika kila dirisha. Vidato vichache tu mwisho kabisa.

Mwana_Chumbageni
Wakuu, shukrani. Nimewasomea wote sebuleni. Roma nne, Granada nne, Cordoba mbili, Sevilla mbili, Athens nimeitoa. Habari ya mihrabu nilimwambia bi mkubwa nikiwa peke yangu naye. Alinyamaza kidogo, akasema atakwenda hivyo hivyo, ataswali moyoni, moyo hauna mlinzi. Sasa shida ni ule mnara. Tangu jana ananiuliza kama punda bado wapo na nauli ni kiasi gani.