IRF510, RD16HHF1 au 2SC1969: ipi nifunge mwisho wa transiva ya mita 40?

MoroQRP
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Natengeneza transiva (redio ya kutuma na kupokea) ya SSB, yaani ya sauti, ya mita 40 (7 MHz), baadaye niongeze mita 20 (14 MHz) na mita 10 (28 MHz). Draiva, ile inayosukuma transista ya mwisho, ni BD139, inafanya kazi. Nimekwama kwenye transista ya mwisho. Natumia betri ya pikipiki ya volti 12, nalenga wati 5 tu. IRF510 naipata hapa mjini. RD16HHF1 mpaka niagize, na bei yake imesimama. 2SC1969 kuna fundi anazitoa kwenye redio mbovu. Mngekuwa nyie?

Baharini40
IRF510, mkuu. Ndizo zilizomo kwenye transiva za BITX40 na uBITX za kule India. Ukiunguza moja, unafunga nyingine jioni hiyo hiyo.

Fundi_Mstaafu
Marahaba kijana. Anza kwa kujiuliza hiyo mita 10 unaitaka kweli au unaitaja tu.

IRF510 ilitengenezwa iwe swichi ya umeme, redio tumeipeleka sisi. Geti yake, mguu wa kuingizia mawimbi, ina kapasitansi ya pikofaradi 180 hivi. Kwenye 7 MHz hizo ni kama ohmu 126, draiva yako inazimudu. Ukifika 28 MHz zinashuka hadi 32 hivi, na BD139 inaelemewa. Ndiyo maana mtu anapata wati zake vizuri mita 40, akienda mita 10 anaambulia moja au mbili. RD16HHF1 Mitsubishi waliitengeneza kwa kazi hii hasa: wati 16 kwenye 30 MHz kwa volti 12.5.

Halafu bati la mgongoni. La IRF510 limeungana na dreni (mguu wa kutolea nguvu), lazima uweke maika ya kuzuia umeme kabla ya kuifunga kwenye hitisinki. La RD16HHF1 limeungana na sosi (mguu wa ardhini), unaifunga moja kwa moja kwenye chuma na joto linatoka vizuri zaidi. Ila miguu haifanani! Ya kwanza ni geti, dreni, sosi. Ya pili ni geti, sosi, dreni. Bodi ya moja haiipokei nyingine hivi hivi.

2SC1969 mimi nimezipenda miaka mingi, lakini ni baipola, si mosfeti kama hizo mbili. Diodi ya bayasi (mkondo mdogo wa kuiweka transista tayari) isipogusa mwili wa transista, joto linapandisha mkondo, mkondo unaongeza joto, na imekwisha.

DadaMawimbi
Mzee amesema yote, niongeze la feki tu. Niliagiza RD16HHF1 nne mtandaoni, zikaja na maandishi safi kabisa. Weka multimita kwenye alama ya diodi: waya mwekundu mguu wa kati, mweusi mguu wa tatu. Ya kweli inaonyesha kama volti 0.5, kwa sababu kati ni sosi. Zangu hazikuonyesha kitu. Nikageuza waya, zikasoma. Maana yake kati ni dreni: ni mosfeti ya swichi iliyofutwa jina na kuandikwa jingine. Kipimo hiki hakikamati kila feki, ila hiyo inakamatika mezani kabla hujalehemu.

MoroQRP
Asanteni sana. Basi naanza na IRF510 mbili, moja ikivuta nyingine ikipumzika. Transfoma ya kutoa nimeizungusha kwenye pete nyekundu ya T50-2, mizunguko 10. Iko sawa?

Fundi_Mstaafu
Hapana! Pete nyekundu ni ya kichujio. Mizunguko 10 hapo inakupa maikrohenri 0.5 tu, ambayo kwenye 7 MHz ni ohmu 22 hivi, nguvu yote inapotelea humo. Tumia pete ya feraiti (kauri ya sumaku) ya aina ya 43. Na kabla ya kuwasha, zungusha preseti za bayasi hadi chini kabisa, kisha pandisha moja moja hadi miliampia 100 kila transista.

MoroQRP
Mrejesho, wakuu. Nimebadilisha pete, bayasi nimeiweka kama mzee alivyosema. Kwenye mzigo bandia wa ohmu 50 badala ya antena, baada ya kichujio, oskiloskopu inasoma kilele cha volti 24 kwenye 7.1 MHz. Hiyo ni wati 5.8 hivi. Mita 20 kilele ni 20, yaani wati 4. Hitisinki naishika kwa mkono bila kuungua. Mita 10 sijaigusa. RD16HHF1 nitaagiza mwezi ujao, na multimita itakuwa mezani zikifika.

DadaMawimbi
Tuma picha ya hizo pete, na mimi nianze kuzungusha zangu.