Tupeane uzoefu: hukumu ya mahakama ya jimbo iliyokugusa wewe, nyumba yako au mji wako

Kaka Trela (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Tulioko Marekani tunakesha kufuatilia Mahakama ya Juu ya nchi iliyoko Washington, lakini mahakama za majimbo tunazipita tu, wakati ndizo zinazoamua kodi ya jengo, nani ajenge wapi, na mji unaweza kukufanya nini. Kama limekukuta, mwaga hapa. Si lazima uwe umeshtaki wewe. Kesi iliyotuokoa sisi, wenye kesi wala hatuwajui.

Niko Michigan. Huku ukilimbikiza kodi ya jengo (ile mwenye nyumba anailipa serikali, siyo pango), mwaka wa tatu ikifika 31 Machi hujalipa, nyumba inakuwa ya kaunti na inapigwa mnada. Zamani kaunti ilikuwa inakata deni lake halafu chenji yote inabaki nayo. Sasa kulikuwa na mhandisi mstaafu, Uri Rafaeli, ana nyumba ya kupangisha Southfield. Akalipa malimbikizo yake lakini hesabu ya riba ikampiga chenga, ikabaki dola 8.41. Siyo elfu nane, wakuu, dola nane na senti! Riba na ada zikaifikisha 285.81. Oakland County ikauza nyumba kwa dola 24,500, yeye hakupata kitu. Julai 2020 mahakama ya juu ya Michigan ikasema chenji ni mali ya mwenye nyumba, kaunti kuikalia ni kutwaa mali ya mtu bila fidia.

Ikatungwa sheria ya kurudisha hizo pesa. Hapo ndipo shemeji yangu anapoingia. Anaendesha lori masafa marefu, barua zinamsubiri mezani mwezi mzima. Nyumba ikaenda. Dada alikuwa ameshaanza kufunga mabegi, analia na kuapa hataki kusikia habari za hiyo nyumba tena. Nikakuta bahasha juu ya friji, imebanwa pamoja na matangazo ya piza, haijafunguliwa. Ndani kuna fomu namba 5743: kama unataka chenji, ijaze, igongwe muhuri na mthibitishaji wa nyaraka (notary), iwafikie kufikia 1 Julai. Ikipita tarehe hiyo, umeisamehe pesa yako.

Tuliwahi. Lakini msidhani hundi inakuja wiki ijayo. Januari ya mwaka unaofuata wanakutumia hesabu, kisha unapeleka maombi mahakamani kati ya 1 Februari na 15 Mei. Wanakata deni, riba, gharama, na asilimia 5 ya bei ya mnada. Kilichobaki kiliwalipia kodi ya pango na amana sehemu nyingine. Nyumba haikurudi, hilo msijidanganye.

Nyar Kisumu

Asante kwa mada. Mimi New Jersey, ni nesi kwenye makao ya wazee. Nyumba ninayokaa niliipata kwa bahati nasibu ya nyumba za bei nafuu, na miaka yote nilijua ni wema wa mji tu.

Siku moja mji ukaitisha kikao kuhusu jengo jingine kama letu. Nilitoka zamu nikaenda na yunifomu, nikakaa nyuma. Watu wamekuja na mabango. Mmoja anasema shule zitajaa, mwingine maegesho, mwingine anasema "watu wa aina hiyo" bila kumaliza sentensi. Nikajiangalia. Wakili wa mji akasimama, akawaambia kwa upole kwamba uamuzi wa kuwa na nyumba hizi au kutokuwa nazo haupo mikononi mwa halmashauri. Mji usipowasilisha mpango wake, mjenzi anaenda kortini na anaweza kupewa ruhusa ya kujenga nyumba nyingi kuliko hizo. Ukumbi ulipoa ghafla.

Nilienda kusoma. Mahakama ya juu ya New Jersey iliamua mwaka 1975, ikakaza tena 1983, kwamba kila mji lazima uruhusu sehemu yake ya nyumba ambazo watu wa kipato cha chini wanaweza kumudu. Kesi ilitoka Mount Laurel, ambako familia za Weusi zilizokaa hapo vizazi na vizazi zilikuwa zinasukumwa nje. Aliyesimama mbele ni Ethel Lawrence, mwalimu wa watoto wadogo. Alifariki 1994, nyumba zenye jina lake zikafunguliwa baadaye.

Mwaka 2015 mahakama ikachoshwa na danadana za wakala wa serikali aliyetakiwa kuisimamia miji itimize wajibu huo, ikaichukua kazi hiyo yenyewe. Sheria mpya ya 2024 ikaweka hesabu ya 2025 hadi 2035, na miji ilitakiwa kuwasilisha mipango kufikia 30 Juni 2025. Meya wetu analalamika kuhusu mabomba ya maji taka, na kusema ukweli hapo namwelewa, jimbo linadai nyumba bila kuleta pesa za mabomba. Ila hoja ya maegesho sitaki hata kuisikia.

Mwana wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Maine, mtoto wa ziwa. Tulipeleka watoto ufukweni kule Wells, wakaweka taulo kwenye mchanga ambao maji yametoka tu. Mzee mmoja akatoka nyumbani kwake akatufukuza. Nikasema bahari ni ya Mungu! Kumbe sheria iko upande wake. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya Maine, katika kesi ya Moody Beach, ilisema mchanga huo kati ya maji kupwa na kujaa unaweza kuwa wa mwenye nyumba, na raia ana haki ya kuvua, kuwinda ndege na kupita na chombo. Kuota jua hapana. Msingi wake ni amri ya kikoloni ya karne ya 17! Ndoano yangu haitoki kwenye gari tena. Akija mtu, mimi navua.

Mchagga wa Theluji

Minnesota hapa, kwa kifupi maana bado nina hasira. Minneapolis ilipitisha mpango mwaka 2018: kila kiwanja kiruhusiwe hadi nyumba tatu. Nikachora ramani, nikamlipa mchoraji. Wanaharakati wa mazingira wakashtaki, Septemba 2023 jaji akausimamisha. Mei 2024 Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuuokoa. Kufika hapo riba ya benki ilishapanda na fundi wangu kahamia Texas.

Halafu mtoa mada, hiyo ya chenji ilifika hadi Washington kupitia kaunti yetu ya Hennepin, kesi ya bibi wa miaka 94, Geraldine Tyler. Mei 2023 majaji wote wakasema vilevile. Michigan walitangulia.

Nyar Kisumu

@Kaka Trela, rafiki yangu yuko Flint, huko huko Michigan, na yamemkuta hayo hayo mwaka huu. Hiyo fomu anaweza kuituma kwa posta ya kawaida?

Kaka Trela (mtoa mada)

Hapana dada. Aipeleke mwenyewe wamsainie kwamba wameipokea, au aitume kwa rejista yenye risiti ya kurudi. Na asimlipe mtu yeyote anayepiga simu kumwahidi kumkombolea pesa, hiyo fomu ni bure. Mwambie aniandikie faragha, nitamwelekeza leo usiku.