Tupeane uzoefu: kiambishi awali cha Kiingereza kilichowahi kukuumbua

Mleta mada
Wakuu, naanza na aibu yangu. Bosi alinishukuru kwa barua pepe, akauita mchango wangu "invaluable". Nilishakariri kwamba in- ni kukanusha, kama "incorrect", si sahihi. Nikajua nimeambiwa sina thamani. Nilinuna siku mbili, na jibu nikatuma, tena kali. Kumbe maana yake ni thamani isiyokadirika! Haya, leteni zenu.

KalamuKavu
Pole, ila nimecheka. Mimi nilitaka kusaini mkataba upya, nikaandika "I want to resign". Bila kistari, huko ni kujiuzulu. Walishaanza kunitafutia mrithi. Nilichotaka ni "re-sign".

BibiSarufi
Un- ilinihangaisha mpaka nilipoilinganisha na Kiswahili. Kwenye kivumishi inakanusha: "unhappy", asiye na furaha. Kwenye kitenzi mara nyingi inatengua kilichofanyika: "untie", "unfold". Sisi utenguzi huo tunauweka mwishoni mwa neno: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua. Tangu hapo "unlock" haijanipiga chenga. Sasa jaribuni "unlockable": ni isiyofungika, au inayofungulika? Zote mbili sawa. Ukianza na "lockable" ukaikanusha, haifungiki. Ukianza na "unlock", inafungulika.

Mgeni77
Na "impossible", "illegal", "irregular" je? Nikariri vinne tofauti?

BibiSarufi
Ni in- ileile, mwanangu, inafuata sauti ya jirani yake. Mbele ya p, b au m inakuwa im-, mbele ya l ni il-, mbele ya r ni ir-. Wewe mwenyewe unasema nyumba ndefu, halafu nyumba mbaya. Nani alikufundisha kugeuza ile n kuwa m?

Mgeni77
Duh. Hakuna.

FundiRangi
Msiziamini sana kanuni. Kopo liliandikwa "inflammable", nikaliweka jirani na jiko kwa amani kabisa, nikidhani haliwaki. Aliyelitoa ni mwenzangu, huku ananitukana. In- hiyo haikanushi kitu. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. "Flammable" na "inflammable", vyote vinawaka! Ndiyo maana siku hizi wengi huandika "flammable" tu.

Mleta mada
Nimekaa kumwandikia bosi kumwomba radhi. Nimefika kwenye "regret", nimesita. Re- hiyo nayo ni ya kurudia?