Mwanafunzi mwenye ADHD kuongezewa muda wa mtihani: haki au upendeleo?

Katika shule za umma za Marekani, mwanafunzi mwenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kukazia fikira jambo moja) aweza kuongezewa nusu ya muda wa mtihani. Wapo wanaosema mtihani ni mmoja, saa nayo iwe moja.

MWALIMU WA HESABU: Napinga. Mtihani wenye maswali mengi kuliko dakika humbana kila mtoto. Na huyu anayepata A, unafuu wa nini?

MWANASHERIA WA ELIMU: Hiyo A haimnyimi haki. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu, huuliza kama hali yake inamzuia sana katika shughuli za msingi za maisha, na kukaza fikira ni mojawapo. Marekebisho ya 2008 yakaongeza kwamba nafuu ya dawa isihesabiwe. Kazi ya saa 1 akiitolea jasho saa 4, alama ni ileile. Shule inayotazama ripoti peke yake itamkosa. Sheria ya IDEA, ile ya elimu maalumu kwa watoto wenye ulemavu, ni habari nyingine: huko lazima awe anahitaji ufundishaji maalumu.

MWALIMU WA ELIMU MAALUMU: Mnagombania muda, na muda ndio unafuu unaotolewa bila kufikiri! Mtoto ambaye akili inahama, mpe dakika 90 badala ya 60, itahama dakika 90. Tazama anakwama wapi. Kama ni kuanza, maswali 20 yagawe karatasi 4, arudishe moja ndipo apewe nyingine. Kama ni kuchoka, apumzike dakika 5 saa ikiwa imesimamishwa. Na mpango wa unafuu wa mtoto usiandikwe “akae mbele inapowezekana”. Hiyo haimbani mtu. Andika: mwalimu wa kipindi cha mwisho akague daftari la kazi za nyumbani kabla ya kengele, kila siku.

MWANASHERIA WA ELIMU: Mzazi aombe tathmini kwa barua yenye tarehe, abaki na nakala. Chini ya IDEA, akishatia saini ya ridhaa, shule ina siku 60 za kumaliza tathmini, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Kifungu cha 504 hakitaji siku, ndiyo maana maombi ya mdomo hupotea. Shule ikimbagua mtoto, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180.

MWALIMU WA HESABU: La karatasi 4 nalikubali. Ila kama kasi siyo tunayoipima, wote waongezewe muda.

MWALIMU WA ELIMU MAALUMU: Waongezewe, sina neno. Lakini anayevurugwa na kila kiti kinachosogezwa bado atahitaji chumba chenye watu wachache.