Mjadala: Nyumba za kandokando ya mto Kawa zibomolewe?

Mvua zimerudi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na maneno ni yaleyale: wanaokaa kando ya Kawa waondolewe. Mimi napinga, angalau kwa namna inavyosemwa.

Kawa ni kijito tu. Lakini kinashuka kutoka vilima vya mtaa wa Kadutu hadi ziwa Kivu, na mvua ikipiga saa moja kinateremsha udongo mwekundu, sashe (mifuko ya plastiki) na chupa za plastiki. Bondeni ardhi ni tepetepe. Watu wamepanga magunia ya udongo, wakajenga juu yake. Tazama kuta zao: mstari wa tope umefika kwenye dirisha.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Leta, yaani serikali. Sawa. Basi nani alipima viwanja vile, akatia muhuri, akapokea pesa? Mwenye nyumba akibomolewa, mwenye muhuri naye ajibu.

*Mkaaji wa mtaa wa Ibanda:* Ndugu, huruma yako itaua watu. Maji hayaulizi hati. Tukingoja kesi iishe, watoto watakuwa wamekwenda na mto. Watoke kwanza, mengine tutazungumza baadaye.

*Mvuvi:* Nyote mnatazama nyumba tu. Sisi wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, tunavuta wavu, zinakuja sashe. Zisizonaswa zinaelea mpaka Ruzizi, mto unaotoka ziwani, na kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi 1, ndipo mnalalamika umeme umekatika. Na hizo sashe zinatupwa na wa bondeni peke yao? Zinatoka sokoni, na kule juu kwenye nyumba za matajiri zenye mageti ya chuma.

*Mama wa Kadutu:* Kwetu gari la takataka halipiti, njia ni ya miguu. Niweke wapi? Mvua ikianza, kila mtu anamwaga kwenye mfereji, nami namwaga.

*Mwanzilishi:* Asante mama, angalau umesema kweli. Wa Ibanda, "baadaye" hiyo tunaijua: mtu anabomolewa, kiwanja hapewi, mwaka unaofuata amejenga mita chache chini zaidi. Kwa walio ukingoni kabisa nakubali watoke, tena kabla ya mvua kubwa, ila waonyeshwe kwanza pa kwenda. Wengine wabaki, ukingo upandwe mianzi, na takataka izolewe kuanzia juu, kwa mkokoteni ikiwa gari halifiki. Nani alipe? Hapo ndipo nataka kuwasikia, hasa wenye mageti.