Mama wa vidonge vya nywele, kwa nini ulibandika karatasi juu ya karatasi?

Wandugu wa humu, salama. Miaka yote mimi nasoma tu na kupita, siandiki. Leo mtanisamehe. Nina hasira tangu Jumanne na nyumbani wamekwisha kuchoka kunisikiliza.

Nianzie kwenye beseni. Jumapili iliyopita nilikuwa naosha kichwa uani kwetu, hapa Kadutu, Bukavu, na maji ya mvua tuliyokinga usiku maana bomba lilikuwa kavu siku ya tatu. Mtoto wangu wa pili, ana miaka 6, ndiye alikuwa ananimiminia kwa kikombe. Mara akasimama. "Mama, kuna panya ndani ya maji." Nikaruka. Hakukuwa na panya. Zilikuwa nywele zangu, zimejiviringa upande mmoja wa beseni, bonge zima, na povu la sabuni juu yake. Mtoto akakimbia kuita wenzake waje kuona panya wa mama.

Sasa sikilizeni tulivyofika hapo.

Mwaka 2023 nilipimwa nikaambiwa tezi yangu ya shingo, tiroidi, imelala. Si rovu. Bibi yangu wa Idjwi ndiye alikuwa na rovu la kuonekana toka mbali, na wenzake wengi kule kisiwani pia, kwa upungufu wa iodini na muhogo waliokuwa wanakula kila siku. Wabelgiji walikuja kuwachunguza tangu miaka ya 1960. Yangu ni nyingine. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inaishambulia tezi, kwa hiyo hata nikilamba chumvi yote ya iodini ya soko la Kadutu haitarudi. TSH yangu ilikuwa 41, wakati mwisho wa kawaida ni kama 4. Kwa wasioijua, TSH ni mwito: kuna tezi ndogo chini ya ubongo inaiita ile ya shingoni ifanye kazi. Ya shingoni ikilala, mwito unapanda.

Wakati ule nywele zilikuwa zimepungua kichwa kizima, si pale mbele tu kama za mtu anayesukwa kwa kuvutwa. Nyusi zilikatika ncha za nje, nikawa nazichora kwa kalamu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mvua ikininyeshea, nafika na nyusi mashavuni.

Dokta akanianzishia levotiroksini, ile homoni ya tezi ya kumeza, 50 kwanza, baadaye 100. Ni mikrogramu, si miligramu, na mniangalie vizuri hapo: dawa yenyewe ni kidogo hivyo, ukichezea kidogo umechezea nyingi. Nikaishika kama sala. Saa 11 na nusu alfajiri, tumbo tupu, maji matupu, nangoja saa nzima ndipo chai. Ikikosekana kwenye farmasi za Nyawera navuka Ruzizi hadi Kamembe, Rwanda. Ilichukua karibu mwaka. Dokta alinieleza mapema kwamba unywele unaodondoka leo ulishaamua kudondoka miezi 2 au 3 iliyopita, na mpya unaota pole pole, haufiki hata sentimita 2 kwa mwezi, kwa hiyo nisihesabu siku. Nyusi zilirudi kwanza. Nililia mbele ya kioo, mume wangu akadhani kuna msiba.

Halafu nikafanya ujinga, nakubali. Harusi ya wifi yangu ilikuwa karibu, pale mbele bado palikuwa pepesi, na mimi nilitaka kichwa cha kuvulia kitambala. Kwenye simu nikaona mama mmoja anatangaza vidonge vya nywele, picha za kabla na baada, wateja wanashukuru. Nikaenda kwenye butiki yake. Kopo moja dola 25.

Nikamuuliza. Naandika tena kwa sababu jana amekana: NILIMUULIZA. "Mama, mimi nameza dawa ya tezi kila siku, hivi havitagombana?" Akacheka, akanishika mkono. "Mamaa, haya ni majani tu, ni mti wa Kihindi, hata mwenye mimba anameza." Juu ya kopo kulikuwa na karatasi nzuri, maua, mwanamke wa nywele hadi kiunoni, na neno moja: NATURELLE. Hakuna kingine. Nikalipa.

Nikawa nameza pamoja. Kimoja cha tezi, viwili vya nywele, maji yale yale, saa ile ile. Hakuna aliyeniambia nisifanye hivyo, na mimi kwa akili yangu nilisema majani hayana neno.

Baada ya wiki 6 ikafika siku ya kontroli, kupimwa damu tena. Karatasi ya labo ikasema TSH 0.08 na homoni yenyewe ya tezi iko juu. Dokta akaiangalia, akaandika: "Mama, dawa imekuwa nyingi, tunarudi 50." Dakika 4. Hakunishika mkono kusikia moyo. Hakuniuliza kama natetemeka, kama nimekonda, kama silali. Angeuliza ningemjibu kwamba nimeongezeka kilo 3 na saa 9 mchana nasinzia juu ya daftari la kazi. Mtu mwenye homoni nyingi hasinzii hivyo! Na hakuniuliza swali la pili: unameza nini kingine? Dokta, kama unasoma hapa, nakuheshimu, wewe ndiye ulinitoa mbali. Lakini yale maswali mawili yangeniokolea miezi 4.

Hiyo miezi 4 sitaieleza yote. Jua la saa 6 na mimi nimevaa koti. Choo mara moja kwa siku 4. Sauti ikawa nzito hadi wateja wakipiga simu wananiuliza, "Papa, mama yuko hapo?" Mama mkwe akaamua kuna mtu aliokota nywele zangu saluni akazipeleka pabaya, akanikataza kusukwa, nikatii wiki 5. Mume wangu akasema ni mawazo. Na muda wote huo nameza vidonge vya nywele kwa bidii, kwa sababu nywele zinadondoka! Nilinunua kopo la pili. La tatu alinipunguzia bei, dola 22, kwa kuwa nimekuwa mteja wake.

Aliyenifungua macho ni kijana wa labo. Si profesa, ni kijana tu anayetoa damu. Wiki iliyopita nimekunja mkono wa nguo, amenifunga mpira, akaniangalia uso ulivyovimba, akaangalia karatasi ya zamani, akafungua mpira. "Yaya, hakuna vitamini ya nywele ao ya kucha unayomeza?" Nikamwambia majani. Akasema, "Acha hayo majani, rudi baada ya wiki."

Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza. Mashine nyingi za kupima homoni zinatumia biotini, ile vitamini wanayoitia kwenye vidonge vya nywele, kama gundi. Wanatia kwenye damu kitu cha kukamata TSH, na hicho kitu kina biotini mgongoni, ili kijibandike mahali pake, mashine ihesabu. Ni kama gari la abiria la kwenda Panzi: viti vimewekewa abiria fulani. Ukiwa umemeza biotini nyingi, biotini yako inapanda kwanza, inajaza viti vyote. TSH inafika, haina pa kukaa, inaoshwa na maji. Mashine inahesabu viti, haioni TSH, inaandika 0.08. Kipimo cha homoni yenyewe kinahesabu kinyume: kikiona abiria wachache kinasema homoni ni nyingi. Kwa hiyo karatasi nzima inatoka ya mtu aliyezidiwa na dawa, kumbe mwenye damu anakauka. Si mashine zote, inategemea ni ya aina gani. Yetu ilikuwa ya aina hiyo.

Jumanne nikarudi kuchukua jibu. TSH 29.

Usiku huo niliweka birika jikoni, maji yakachemka, nikashika kopo juu ya mvuke. Yale maua yakaanza kujikunja pembeni. Nikavuta kwa ukucha, pole pole, ikatoka yote. Chini yake kuna etiketi nyingine, ya kiwandani, maandishi madogo: biotini mikrogramu 10,000. Chuma. Zinki. Mtu mzima anahitaji biotini kama mikrogramu 30 kwa siku, na chakula chetu hiki hiki kinampa. Mti wa Kihindi haumo.

Na ile chuma, wandugu! Chuma kikikutana tumboni na dawa ya tezi kinaishika, haipiti kwenda kwenye damu. Wanasema uache masaa 4 katikati. Mimi nilikuwa nazimeza pamoja kwenye maji ya kikombe kimoja. Yaani kopo moja, kwanza lilinizuilia dawa, halafu likamdanganya dokta kwamba dawa imezidi. Akapunguza hata ile ndogo iliyokuwa inapenya.

Msiniambie hakuna aliyejua. Marekani, mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo mwaka 2017 juu ya biotini kuharibu vipimo, na ikarudia 2019. Waliandika hata juu ya mgonjwa aliyekufa kwa sababu kipimo cha moyo kilisema uongo. Kijana wa labo wa Bukavu alijua. Kiwanda kiliandika kwenye etiketi kilichomo. Mtu mmoja tu katikati ndiye aliyechukua karatasi ya maua akafunika.

Wala sisemi biotini ni sumu. Kwa asiyepungukiwa nayo haina faida kubwa ya nywele, lakini kama ningejua nameza nini ningeiacha siku 2 kabla ya kutoa damu, ndivyo wanavyoshauri kwa vipimo vya tezi, na chuma ningekipeleka jioni. Ningeendelea kukuletea dola zangu, mama, na wewe ungekula. Ulipata hasara gani kuacha etiketi wazi?

Jumatano nilimfuata. Akaniambia mbele ya wateja kwamba wengine nywele zimeota, kwamba mimi nina ugonjwa wangu, na kwamba etiketi ya Kingereza inawachanganya wamama. Inawachanganya! Halafu akanifungia kwenye simu.

NYONGEZA, usiku: nimesoma majibu yenu.

Wewe uliyeandika "basi nitafute hiyo levotiroksini, kama iliotesha nyusi zako itaotesha na zangu": hapana, tafadhali. Iliotesha zangu kwa sababu tezi yangu haitoi. Kama yako inafanya kazi, utajimwagia homoni juu ya homoni, moyo utakwenda mbio, usingizi utakukimbia, na nywele zitadondoka vilevile, maana tezi ikizidi nayo inazidondosha. Wala si dawa ya kukondesha, najua kuna wanaoitafuta kwa hilo. Pima kwanza, ujue kama una shida hiyo.

Aliyeuliza juu ya minoksidili: ilianza kama dawa ya presha, wakaona wagonjwa wanaota nywele, ndipo ikawa ya kupaka. Inawasaidia watu kweli, ila wiki za mwanzo inaweza kudondosha zaidi, na ukiiacha faida nayo inaondoka. Tezi haiiponyi. Mimi sijaigusa.

Kaka uliyesema wanawake tunajitakia kwa meshi nzito: kuvutwa kunakula mbele na pembeni, kwenye mstari wa uso. Mimi zinatoka hadi kisogoni, na nyusi. Nyusi zangu nilizisuka lini?

Na mnaosema "taja jina". Sitaji. Ana watoto, na mimi sitaki vita vya mtaa mzima. Kopo nitalipeleka kwa wakaguzi wa afya wa jimbo, etiketi zote mbili, na karatasi zangu za labo. Dokta nimemwona leo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, nilipaswa kuuliza." Amenirudisha 100, damu tena baada ya wiki 6. Hasira yangu kwake imepungua nusu.

NYONGEZA ya pili: huyu mama amefungua namba mpya kunitumia ujumbe. Anasema nifute huu uzi, atanirudishia dola 25. Mama, nilinunua makopo 3, hesabu yako nayo ina karatasi juu ya karatasi. Baki nazo. Ukitaka kunilipa, nipigie picha ya lile kopo jingine, la kunenepesha, lenye maua ya bluu, unalomuuzia wifi yangu. Lakini kwanza ulishike juu ya mvuke.